Ukurasa wa Pili wa Maagizo ya Kichwa

Msiniulize nchi gani. Wenye nchi kama hiyo wataijua kwa harufu, na wasio nayo wamshukuru Mungu wao, kisha wasome taratibu. Mimi nitasema hili tu: katika nchi hiyo neno "kuanguka" lilikuwa limefutwa. Lilifutwa kwa sheria, mwaka ule wanajeshi wanne walipojaribu kumpindua Mkuu wa Nchi wakashindwa kabla ya chai ya saa nne. Tangu siku hiyo mvua ikawa inateremka, mapapai yakawa yanatua, na mtoto aliyefeli mtihani akasemekana ameketi. Ndugu zake neno hilo, yaani "kudondoka", "kupukutika" na "kuporomoka", walipigwa marufuku mwaka uliofuata kwa kosa la kumsaidia mhalifu. Watu wakazoea. Binadamu huzoea.

Mkuu mwenyewe alikuwa na kipara. Hilo nalo hakuna aliyeliona. Picha yake iliyotundikwa katika kila ofisi ilipigwa miaka thelathini nyuma, nywele nyeusi tititi zimeshuka hadi karibu na nyusi, na wananchi waliiamini picha kuliko kichwa. Lakini Jubilei ya Utulivu ilikuwa inakaribia. Wageni wangekuja na kamera zao zisizo na adabu. Mkuu akakata shauri: nywele zirudi.

Akaitwa daktari kutoka ng'ambo. Alifika Ijumaa alfajiri, akachimbua vinyweleo elfu tatu na mia mbili kisogoni, akavipanda kimoja kimoja utosini kama mtu anayepanda vitunguu, na jua lilipokuwa linazama yeye alikuwa angani. Inaonekana alishawahi kutibu wakuu wengine.

Aliacha karatasi mbili za maagizo. Ya kwanza ilitafsiriwa mara moja na Baraza la Lugha, ikagongwa muhuri. Ya pili, mtafsiri mkuu alisoma mstari wa kwanza tu, akavua miwani, akaikunja karatasi mara nne, akaomba kustaafu. Karatasi ikafungiwa kwenye kasha la nyaraka za usalama, na ikatangazwa kwamba maagizo yalikuwa na ukurasa mmoja.

Basi akatafutwa mtu wa kuyatekeleza.

Mtu huyo alikuwa Sista Skolastika Mbelwa, muuguzi wa wadi ya majeruhi wa moto katika hospitali kuu. Alikuwa na miaka arobaini na minane, miguu iliyovimba kila jioni, na vidole ambavyo madaktari waliviangalia kwa wivu. Ngozi ikihamishwa kutoka paja kwenda mkono, yeye ndiye aliyejua lini iachwe, lini ifunguliwe, lini imwagiliwe. Aliwahi kupelekwa masomoni nje miezi sita, akaona walioungua wakipandikizwa nyusi. Kwa hiyo alikuwa mtu pekee nchini aliyewahi kuona nywele zikihama.

Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa ameinama juu ya kitanda cha Bi Tabu Masanja. Bi Tabu alikuwa mkaanga maandazi. Mgambo walilipiga teke jiko lake kwa sababu moshi wake ulikuwa unaelekea upande wa msafara wa Mkuu, na karai la mafuta likammwagikia mikono yote miwili. Jana yake alikuwa amewekewa ngozi mpya, mikono imefungwa mpaka kwenye viwiko kama mtoto mchanga aliyeviringishwa nepi.

"Usiogope, Bi Tabu," Skolastika alimwambia. "Siku ya tano nitafungua mwenyewe. Kabla ya hapo asikuguse mtu."

"Na kama hukuja, Sista?"

"Nitakuja."

Hapo hapo wakaingia watu wawili waliovaa miwani ya jua ndani ya wadi.

*

Ikulu ilikuwa imeunda Wizara ya Kichwa. Waziri wake, Mheshimiwa Pambalu, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Alimpokea Skolastika ukumbini akiwa amesimama juu ya kigoda.

"Sista," alisema, "kuna waliopewa milima waitunze. Kuna waliopewa mipaka, na kuna waliopewa bahari. Wewe umepewa utosi. Historia inakutazama."

"Nitakaa siku ngapi, Mheshimiwa?"

"Historia haina siku."

Wakamnyang'anya simu, wakampa koti jeupe lenye nembo ya taifa, wakamwingiza chumbani. Mkuu alikuwa ameketi kwenye kiti cha kuegemea, mzee mwembamba kuliko alivyofikiri. Utosi wake ulikuwa mwekundu, umejaa vitone vya damu iliyoganda, kila kitone na unywele wake mfupi umesimama wima kama mche. Skolastika alisahau hofu. Kidonda ni kidonda. Akachukua chupa ya sprei akaanza kazi.

Maagizo yalisema kichwa kinyunyiziwe maji ya chumvi kila baada ya nusu saa, na mgonjwa akiwa amelala, basi akiamka. Wizara ikaona nusu saa ni dharau, ikaweka dakika kumi. Siku ya pili yakaanza kuingia makasha ya maji ya chumvi, ya kwanza, ya ishirini, ya sitini, yakapangwa ukumbini mpaka dirisha likazibwa. Skolastika alipita kando yake akielekea chooni, akaona mwandiko anaoujua kwenye kasha moja. Ulikuwa wa Yusta, muuguzi mwenzake: WADI YA MOTO. TAFADHALI MSICHUKUE.

Akasimama hapo kitambo. Kisha akarudi, kwa kuwa dakika kumi zilikuwa zimekwisha.

Maagizo yalisema mgonjwa alale chali, kichwa kimeinuliwa nusu. Akaletwa mhandisi wa madaraja kupima kitanda. Maagizo yalisema mgonjwa asiiname kwa siku kumi. Mheshimiwa Pambalu alikwenda redioni akatangaza kwamba, kwa mapenzi waliyonayo kwa kiongozi wao, wananchi wameomba nao wasiiname kwa siku kumi. Ilikuwa majira ya palizi. Watu walisimama katikati ya mashamba yao wima kama nguzo, wakiangalia magugu yakipanda kwenye mahindi. Aliyepotewa na ufunguo chini aliuacha. Waumini walisali wima, na viongozi wa dini zote wakatoa tamko kwamba Mungu anaelewa.

Siku ya nne paji la uso la Mkuu likavimba, uvimbe ukateremka machoni, uso ukaumuka kama unga uliotiwa hamira kupita kiasi. Skolastika alimwambia ni kawaida, maji yanashuka, yataondoka. Lakini Mkuu, akiwa amechoka kukaa, alitoka kwenda bustanini, na alipotaka kurudi ndani mlinzi wa mlangoni alimzuia. Alimlinganisha na picha ya ukutani mara mbili.

"Samahani mzee," mlinzi alisema. "Hufanani."

Mlinzi huyo alipandishwa cheo saa tano kwa umakini wake, na saa sita akafungwa.

*

Siku ya tano Skolastika aliamka na neno moja kifuani. Alimfuata Mheshimiwa Pambalu ofisini, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa na mama yake, kisha akakumbuka kuwa ni marufuku, akanyooka.

"Mheshimiwa, naomba saa moja. Niende hospitali nirudi."

"Hospitali? Sista, wewe una mgonjwa mmoja."

"Nina thelathini na mmoja. Yuko mama mmoja, leo ndiyo siku ya kumfungua. Ngozi mpya isipofunguliwa na kuoshwa, usaha utaingia chini yake. Mikono itaoza."

Mheshimiwa Pambalu alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Mikono ipo mingi nchini," alisema. "Kichwa ni kimoja."

"Basi nipeni simu nimwelekeze mwenzangu."

"Umwelekeze kwamba uko wapi? Unafanya nini? Kwa nani?" Akashusha sauti. "Sista, Mkuu hajafanyiwa kitu chochote. Nywele zake zimerudi zenyewe kwa uzalendo. Utapigaje simu kutoka kwenye jambo ambalo halikutokea?"

Mchana huo Skolastika alijifunika mashuka machafu ndani ya gari la dobi. Alilala humo amebana pumzi, akihesabu malango: la kwanza likafunguliwa, la pili likafunguliwa. Kwenye la tatu kulikuwa na mbwa.

Walimrudisha baada ya dakika arobaini. Katika dakika hizo arobaini Mkuu aliwashwa, akajikuna, na unywele mmoja ukatoka na damu yake. Wizara ikakaa kikao cha dharura. Bendera zikapepea nusu mlingoti nchi nzima, redio ikapiga nyimbo za maombolezo, na kwa kuwa haikutajwa nani amefariki, watu walilia kwa tahadhari, kila mmoja akimlilia wake wa zamani asije akakutwa na macho makavu.

Skolastika hakupigwa. Alihitajika. Alipewa tu mlinzi wa kukaa naye saa zote. Huyo aliitwa Kapteni Songoro, mtu mzima mwenye mvi juu ya masikio, aliyeachwa kwenye ukapteni miaka kumi na minne kwa sababu hakujua kupiga makofi kwa mpangilio. Alikaa mlangoni na redio yake ya mawasiliano begani. Usiku wa siku ya sita, Skolastika alipokuwa analia bila sauti huku akijaza chupa ya sprei, Kapteni aligeuza kiti chake akatazama ukuta.

*

Siku ya kumi vigaga vililainika, Skolastika akaviosha kwa povu na ncha za vidole, bila kusugua. Kichwa kikabaki safi, na juu yake kivuli chepesi cha nywele. Ilikuwa kazi nzuri. Hata yeye aliitazama akaona ni kazi nzuri. Mheshimiwa Pambalu aliagiza picha mia.

Siku ya kumi na saba alipoosha, maji ya besini yalikuwa na nywele. Siku iliyofuata zilizidi. Zilielea juu ya povu, fupi fupi, kama makapi ya chai.

Mheshimiwa Pambalu alichungulia besini, rangi ikamtoka. "Zimefanyaje hizi?"

"Mheshimiwa, zime..."

"Usilitamke!"

Akafunga mlango. Ndani ya saa moja Wizara iliamua kwamba nywele zile zimekwenda likizo. Zilizofuata zikaandikwa kuwa zimestaafu kwa heshima. Vioo vyote vya Ikulu vilipelekwa kusafishwa, havikurudi. Na kila Mkuu alipouliza, "Zinaendeleaje?" Mheshimiwa Pambalu alijibu kutoka mlangoni, "Zinachanua, Mheshimiwa. Zinachanua."

Skolastika alijua kinachoendelea. Alishaona kwenye zile nyusi za masomoni. Unywele uliohamishwa hushtuka, huachia, mzizi hubaki ukilala miezi mitatu minne, kisha huota upya. Hakuna dawa yake ila subira. Lakini Jubilei ilikuwa baada ya siku tisa. Na ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu amwahidi Bi Tabu. Akapiga hesabu ya mikono ile kila akipiga sprei: leo imenuka, leo imeota usaha, leo homa. Siku zote hizo hakuwa na wa kumuuliza. Alianza kusikia harufu yenyewe, humo ndani ya chumba cha marumaru na manukato.

Asubuhi hiyo chupa ilimponyoka mikononi ikapasuka sakafuni.

"Sista," Mkuu alisema, "mbona mikono yako inatetemeka?"

"Nimechoka, mzee."

"Zinaendeleaje?"

"Zinachanua, Mhe..." ilianza sauti ya mlangoni.

"Sikukuuliza wewe."

Skolastika alitazama kisogo cha yule mzee, makovu madogo madogo yaliyoanza kupona, masikio makubwa kama ya babu yeyote. Akaona hana tena cha kuokoa kwa kunyamaza.

"Zinaanguka, mzee."

Mheshimiwa Pambalu alijiziba masikio kwa vidole viwili, maana kwa mujibu wa sheria aliyelisikia neno lile ana hatia nusu ya aliyelisema. Kapteni Songoro hakujiziba.

"Rudia," alisema Mkuu.

"Zinaanguka. Zitaanguka karibu zote. Si kosa lako, wala si langu, ndivyo zilivyo. Mizizi iko ndani. Mwezi wa nne tangu zipandwe zitaanza kuota, mpaka mwaka uishe ndiyo utaziona. Kule masomoni, yote hayo huandikwa ukurasa wa pili."

"Kuna ukurasa wa pili?"

Mheshimiwa Pambalu alikuwa bado ameziba masikio, kwa hiyo hakulazimika kujibu.

Mkuu aliinua mkono kujipapasa. Skolastika akaudaka kwenye kifundo. "Usiguse," alisema. Wote wawili wakatazama mkono ule ulivyoshikwa. Ilikuwa miaka mingi hajashikwa na mtu ambaye hakuwa anainama.

"Miaka ishirini na sita," Mkuu alisema polepole. "Miaka ishirini na sita sijaambiwa kitu ambacho sikukitaka." Machozi yakamlengalenga, na Skolastika, ambaye alikuwa akisubiri risasi, akaanza kutumaini.

"Basi utakaa hapa," Mkuu aliendelea kwa upole. "Hutaondoka tena. Mpaka mwezi wa nne, mpaka mwaka, mpaka nife. Nahitaji mtu wa kuniambia."

Skolastika akapiga magoti.

"Mzee, nina mgonjwa. Nilimwahidi. Mikono yake yote miwili iliungua, na mimi ndiye niliyeifunga."

"Aliunguaje?"

Akamweleza. Jiko, mgambo, moshi, msafara. Hakupunguza kitu.

"Moshi ule niliuona," Mkuu alisema. "Nikadhani ni ukungu." Kisha akajiegemeza, akafumba macho. "Kesho. Muda wa saa mbili. Usizidi hata dakika. Kapteni atakupeleka."

*

Mheshimiwa Pambalu hakulala kazini. Kwa kuwa nywele za Mkuu zisingewahi Jubilei, alitoa amri ya nchi nzima kunyoa, wake kwa waume, ili siku hiyo asiwepo wa kumzidi. Gari la Ikulu lilipopita mjini kesho yake, barabara zote zikiwa zimefungwa ili lipite, vinyozi walikuwa wamepangwa pembeni kwa mamia. Wanawake walikaa kwenye mistari wakiwa na vichwa vitupu, baadhi yao wameshika misuko yao kwenye mifuko ya plastiki kama nyama ya sikukuu. Kapteni Songoro mwenyewe alishanyolewa. Mvi zake hazikuwepo.

Chini ya koti la nembo Skolastika alikuwa amebana chupa nne za maji ya chumvi. Ziligongana kila gari liliporuka. Kapteni alizisikia, akawasha redio ya muziki.

Wadi ilikuwa na vitanda tisa vitupu, vilivyokuwa na wagonjwa alipoondoka. Yusta alimkimbilia, akataka kumkumbatia, akaishia kumshika mikono tu.

"Waliondoka na maji yote, dada. Nilingoja uje. Siku ya nane harufu ilinishinda, nikafungua mwenyewe kwa maji ya kuchemsha na chumvi ya kupikia. Mkono wa kushoto ngozi imeshika. Wa kulia, daktari alikata vidole viwili juzi. Vilivyobaki hatujui."

Bi Tabu alikuwa macho. Homa ilikuwa imemla mashavu.

"Ulisema siku ya tano," alisema.

"Nilisema."

"Nikakuuliza, na kama hukuja?"

Skolastika alivua koti lenye nembo akalitupa chini ya kitanda, akazipanga chupa nne juu ya kabati, akanawa mpaka kwenye viwiko. "Yusta, simama hapa. Tazama vidole vyangu, si uso wangu. Kila ninachofanya, kesho utafanya wewe."

Bandeji ya mkono wa kulia ilikuwa imegandamana na nyama. Kuivuta ni kuichuna ngozi iliyosalia. Ilibidi kuilowesha tone kwa tone, ingojewe, ilegee yenyewe, kisha uzi mmoja, kisha mwingine. Kazi ile haikubali haraka. Bi Tabu aling'ata upande wa khanga yake. Saa moja ikapita. Ikapita nusu nyingine. Mtu wa kushika besini hakuwepo, kwa sababu mikono ya Yusta ilikuwa inashikilia kiwiko.

"Kapteni," Skolastika alisema bila kuinua macho. "Shika hii hapa chini. Usiitikise."

Kapteni Songoro alitazama saa yake. Akaja akashika besini.

Kipande cha mwisho cha shashi kilikuwa kimefunika vidole vitatu vilivyobaki. Kilipoanza kulegea, redio ya begani kwa Kapteni ikakoroma.

"Songoro. Saa mbili zimekwisha dakika nne zilizopita. Kichwa kinauliza muuguzi yuko wapi."

Skolastika aliendelea kudondosha maji. Mikono yake haikutetemeka. Kapteni aliangalia ule mkono, nyama yake nyekundu, na pale chini ya shashi ngozi changa ya rangi ya waridi, nyembamba kama utando wa maziwa, iliyokuwa bado inajaribu kushika.

"Inachukua muda gani?" alinong'ona.

"Sijui. Ikivutwa, inakwisha."

Redio ikakoroma tena. "Songoro, jibu. Mko wapi?"

Kapteni aliinamisha shavu kwenye redio. "Tuko njiani," alisema. "Tumekwama kwenye foleni."

Kila mtu Ikulu alijua kwamba barabara zilikuwa zimefungwa tangu asubuhi, na kwamba gari la Mkuu halijawahi kukuta foleni tangu nchi ile ipate bendera.

Kapteni Songoro alizima redio. Akapiga goti kando ya kitanda, akaishika besini kwa mikono miwili.

"Endelea, Sista," alisema.